Kabati la Vyombo vya Watu

Yombo Vituka, Temeke
4 Agosti 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yanapatana na baridi ya Kamachumu. Sisi huku hatujambo. Baba bado ni karani kule Kurasini, na anarudi jioni akiwa na vumbi la makontena hadi kwenye nyusi. Mama anakusalimu. Mimi nimekuwa wa nne darasani, na hesabu ndiyo iliyonizuia kuwa wa tatu. Nimetanguliza hiyo aibu ili usiisikie kwa mtu mwingine.

Nakuandikia kwa sababu ulinifundisha kwamba jambo zito haliongelewi kwenye simu, hasa simu ya Baba Mdogo Fredrick, ambayo ukiongea nayo shamba zima la migomba linasikia.

Jambo lenyewe ni hili. Baba amepata mtu wa kupanga chumba chako. Anasema uliondoka Januari ukaaga kwa wiki mbili, sasa ni Agosti, na chumba hakiwezi kukaa kinalea kabati. Mimi nimepewa kazi ya kuondoa kila kilichomo. Nguo zako na Biblia yako nimevifunga vizuri kwenye sanduku. Tatizo ni kabati la vioo.

Nimelifungua kwa mara ya kwanza maishani mwangu. (Ufunguo ulikuwa palepale unapodhani sipajui.) Bibi, miaka yote tumekulia sahani za plastiki tukiambiwa tusiguse vya kabatini kwa sababu ni kumbukumbu. Nilidhani ni vyombo vya harusi yako. Leo nimevigeuza nikaona chini vimeandikwa kwa rangi ya kucha: Mama Sekela. Mama Abdulrahman. Hija. Twaha Mjumbe. Sinia moja limeandikwa Jumuiya, la wale wa kanisani. Ni vyombo vya watu! Chako nilichokiona ni kabati tu.

Naomba unijibu maswali mawili. La kwanza, nivirudishe kwa wenyewe? La pili, utarudi lini? Ulikuwa unatuambia mtahiniwa ajibu maswali yote.

Mjukuu wako mtiifu,
Kokushubila


Kamachumu, Muleba
19 Agosti 2024

Mke mwenzangu Koku,

Marahaba. Magoti yangu yapo, mawili yote, na yote mabaya. Baba yako mdogo amenunua ng'ombe anayefanana naye. Nikiita zizini wanageuka wote wawili. Ndizi zimestawi. Padri mpya anahubiri kwa muda mrefu mpaka wenye dhambi tunasahau tulichofanya.

Sasa hilo la kabati. Kwanza, umefungua kabati langu bila ruhusa, na ningekuwa hapo ningekufinya. Pili, usiandike "vyombo vya watu" kana kwamba nilivunja nyumba zao. Vyombo vile vilikuja kwangu kwa miguu ya wenyewe, vikiwa na chakula. Na jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Utatia hata malimau, hata kisamvu cha uani, lakini kitupu hakirudi. Hilo ningekuwa nimekufundisha kama baba yako asingekuwa anakutuma dukani kila nikianza kuongea.

Babu yako Leodegar alipofariki, watu walileta chakula mfululizo. Baada ya pale sikuwa na hamu ya kupika. Nimpikie nani? Baba yako anakula hata kamba ya katani. Basi vyombo vikakaa. Chombo kikikaa wiki, unakirudisha na maandazi. Kikikaa mwezi, na pilau. Kikikaa mwaka, waitu, inabidi uchinje. Nikaona bora nivifungie, nisubiri utajiri.

Kwa hiyo sikiliza. Usirudishe chombo chochote kitupu. Bakuli la Hija lenye maua ya kijani usiliguse kabisa, na sababu haikuhusu. Halafu kuna kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa bluu uliobanduka. Hicho hakitoki kabatini hata nyumba ikiungua. Utoke wewe kwanza, halafu kikombe, halafu ndiyo baba yako.

Naona nimejibu maswali yote.

Bibi yako,
Mwalimu Jovina (mstaafu, siyo mzee)


Yombo Vituka
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako bado haijanifikia. Mama alikwenda stendi ya mabasi ya Mbezi Luis kuulizia, kondakta akasema kulikuwa na bahasha kutoka Kamachumu lakini ilipitilizwa hadi Karagwe ikiwa chini ya gunia la maharage, na sasa inatafutwa. Baba amechoka kusubiri. Mpangaji anakuja jioni hii kulipa kodi.

Nikajiuliza, Bibi angesema nini? Nikakumbuka mwalimu wetu wa Uraia alituambia kwamba mali ya mtu irudishwe kwa mwenyewe ikiwa safi. Basi leo asubuhi nimevirudisha vyombo vyote. Nilivisugua kwa majivu na stilwaya, nikavikausha juani, nikavipanga kwenye beseni na kulibeba kichwani. Nilivaa sare za shule ili watu waone kwamba ni jambo rasmi. Natumaini ungejivunia.

Watu wamepokea kwa unyenyekevu ambao sikuutegemea. Mama Sekela alichungulia ndani ya hotpoti lake, akanitazama mimi, akachungulia tena.

"Kitupu?"

"Ndiyo, shikamoo. Na nimekiosha."

Akashika kifua. "Jamani. Tangu lini?"

"Tangu asubuhi," nikamjibu.

Akanikumbatia mpaka tai ikaenda mgongoni. Mama Abdulrahman alinipa maji ya kunywa. Mzee Twaha mjumbe alivua kofia.

Mwisho nikaenda kwa Bi Hija, jirani yetu wa upande wa pili wa ua. Najua hamsalimiani siku hizi, lakini bakuli lina jina lake, sheria ni sheria. Lile la maua ya kijani nilimpa, na ndani yake nikaweka kikombe cha bati kisichokuwa na jina, maana vilikaa rafu moja. Bakuli hakulitazama hata kidogo. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akaketi kizingitini, akanyamaza. Bi Hija, Bibi! Mtu anayeongea hata akiwa anapiga mswaki.

Sasa kabati ni jeupe, chumba kinatoa mwangwi. Nimekaa sakafuni nakuandikia. Sikupenda kukiona hivi. Nilidhani kazi ikiisha nitafurahi.

Nasikia mtu analia kwa Bi Hija. Sasa ni wengi. Ngoja nikaangalie nani amefiwa, nitarudi kumalizia.


Kamachumu
23 Septemba 2024

Mke mwenzangu,

Barua yako imenifikia ikiwa haina mwisho wala sahihi, kama mtu aliyeondoka mezani mdomo umejaa. Lakini mwisho wake nadhani naujua, kwa maana nilipigiwa simu.

Jumamosi ile nilikuwa napalilia. Fredrick akaja mbio, ameshika simu kama yai. Nikasikia vilio upande wa pili, nikauliza, "Nani amekufa?" Baba yako akasema, "Wewe, Mama." Mtandao ukakata. Usiku wake upepo ukaangusha mnara wa simu, na tangu siku hiyo nimekaa hapa kama marehemu asiyepewa taarifa.

Naomba maelezo kamili. Nani alikuja? Nani hakuja, na anajitetea vipi? Walipika nini? Jumuiya waliimba sauti zote nne au walipiga umbea tu? Baba yako alilia, au alikunja uso kama anatafuta saini kwenye makaratasi ya bandari? Nimemuuliza Fredrick kama nikifa atalia, amesema itategemea siku.

Na Hija je? Alilia? Kwa sauti, au kwa leso? Usinifiche hata tone.

Kuhusu kikombe nitaandika siku nyingine.

Marehemu,
Jovina


Yombo Vituka
29 Septemba 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa msiba wako. Mama aliipeleka barua yangu Mbezi bila kujua sijaimaliza. Juzi nimezipata zako mbili kwa mpigo: ya Agosti inanuka maharage, na ya Septemba. Ile ya Agosti niliisoma nikiwa nimesimama, nilipofika kwenye "kitupu hakirudi" ikabidi nikae.

Nimekosa na naomba radhi. Sasa naeleza, na nitajibu maswali yote.

Kumbe hapa mtaani mtu akifa, ndipo watoto wake wanapopita kurudisha vitu vya watu, marehemu asiende na deni. Wakamwona mjukuu wa Mwalimu Jovina anapita nyumba hadi nyumba, kavaa sare, kanyamaza, beseni kichwani, vyombo vitupu. Kila mmoja alikuwa na wasiwasi kivyake. Aliyekata shauri ni Bi Hija. Nilipomwacha na kikombe akasema, "Jovina angekuwa hai, hiki asingekitoa hata kwa mtutu." Akapiga ukunga.

Nilipotoka nje, uani kwetu kulikuwa na mikeka. Nikawaambia kwamba hujafa. Mama Abdulrahman akamwambia Mama Sekela, "Mtoto wamemficha, maskini." Nikasema tena kwa sauti. Wakanishika wakanilaza kwenye mkeka na kunipepea. Nikanyoosha mkono kama darasani, lakini msibani hakuna anayemchagua mtu aliyenyoosha mkono.

Mzee Twaha alileta turubai na viti. Jumuiya walikuja na waliimba sauti tatu, mwimba bezi alikuwa kazini. Walipika ubwabwa na nyama, na kila mtu alikuja na chombo cha chakula kutoka kwake.

Baba alifika akaona turubai limefunga geti lake. Mzee Twaha akamkumbatia: "Pole Revelian, kazi ya Mungu haina makosa." Baba akaanza kulia palepale, kabla hajauliza ni nani. Alipoambiwa ni wewe, akalia upya. Hakukunja uso, Bibi. Alilia kwa mdomo wazi, na akasema, "Nimeshapangisha chumba chake!" Watu walidhani ni uchungu unaongea, lakini mimi nilimwelewa.

Nikamvuta shati. "Baba, mimi nimerudisha vyombo tu." Ilibidi niseme mara kadhaa. Ndipo akapiga simu ya Baba Mdogo, akaweka spika, na wewe ukauliza nani amekufa. Waombolezaji wote walikusikia. Zilizoendelea kusema ni sufuria tu.

Kisha Mzee Twaha akasema, "Basi, tumshukuru Mungu. Lakini ubwabwa ukishaiva haurudi kuwa mchele." Wakala. Hakuna aliyeondoka. Jumuiya walibadilisha nyimbo, na Mama Sekela alicheza. Hata mpangaji alikuja kulipa kodi, akala, akauliza msiba ni wa nani. Alipoambiwa ni wa mwenye chumba akasema hawezi kulala kwenye chumba cha marehemu wa leo. Baba akamwambia mwenyewe yuko hai. Akasema, "Hiyo ndiyo mbaya zaidi," akaondoka. Hajarudi. Chumba bado ni chako.

Sasa Bi Hija. Alilia kwa sauti, Bibi, na leso ilikuwepo ila haikufika machoni, alikuwa anaipunga. Alikuwa anasema, "Ningekula tu wale panzi jamani! Ningekula tu!" Wanawake wakamuuliza panzi gani. Akasimulia kwamba miaka mingi iliyopita ulimrudishia bakuli lake likiwa limejaa panzi wa kukaanga, naye akadhani unamtukana, akakurudishia kwa juu ya ua lilivyo, bila hata kulifunika. Tangu hapo hamjasalimiana. Baadaye ndipo mtu akamweleza kwamba kwenu wale panzi ni chakula cha heshima. Kaona aibu kuja. "Na mie nilikuwaga najiambia nitamwendea Idi," alisema. "Idi ngapi zimepita? Sasa amekufa na wale wadudu wake moyoni."

Uliposikika kwenye simu aliacha kulia ghafla, akasimama, akafunga kanga kiunoni. "Machozi yangu nani atanirudishia?" Akaenda kwake. Kikombe alikuwa nacho mkononi.

Nimebakiza maswali yangu mawili. Kikombe kile ni cha nani? Na lile la pili unalijua.

Mjukuu wako mkosaji,
Koku


Kamachumu
18 Oktoba 2024

Koku,

Marahaba. Mnara umesimama, lakini sitapiga.

Panzi! Wale walikuwa senene, mke mwenzangu. Niliwanyonyoa mabawa na miguu mmoja mmoja kwa mikono hii, nikawakaanga kwa vitunguu. Babu yako alipitisha mkono mara mbili nikamchapa mwiko, nikamwambia ni wa Hija. Vitu ambavyo kwetu mwanamke anamwekea mkwewe! Halafu narudishiwa kwenye ua, nzi juu. Ningekuwa na akili ningemwambia "jirani, hivi ni chakula". Lakini mimi ni Mhaya, sikushuka ngazi hiyo. Na yeye ni wa pwani, hakuipanda. Tukabaki kila mtu na ua wake.

Kwa hiyo alilia. Vizuri. Alipunga leso? Vizuri sana.

Mwambie baba yako nimesikia kwamba alilia kabla ya kuuliza. Sina la kusema kuhusu hilo, lakini mwambie nimesikia.

Kikombe ni cha babu yako. Alikuwa akitoka nacho kila asubuhi, anakipitisha juu ya ua, na Hija anamtilia chai ya tangawizi. Mimi nilikuwa nampikia chai yenye maziwa, anainywa kwa heshima, halafu anakwenda kunywa chai. Hata baada ya senene hakuacha. Nilimwambia anakunywa kwa adui. Akasema, "Adui anajua tangawizi."

Mkono wangu umechoka.

Bibi yako


Yombo Vituka
10 Novemba 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mvua za vuli zimeanza, na uani kwetu panapitika kwa tofali. Mama amepona mafua. Baba alisoma ile sehemu yako inayomhusu, akaenda kufunga bomba ambalo halikuwa limefunguliwa.

Barua yako ilinitia aibu. Nilikwenda kwa Bi Hija kukidai kikombe, maana mimi ndiye niliyekipeleka pasipostahili. Nikamweleza ni cha nani.

"Unanifundisha?" akaniambia. "Miaka nimetia chai humu, wewe hata meno huna."

Nikamwomba. Bibi, hakukataa. Alikiosha, akakifuta kwa kanga, akakishika, kisha akashindwa kukitoa mkononi. "Hiki kimekuja kwangu, hakiwezi kurudi kitupu," akasema. "Na chai haipandi basi. Ikifika Singida imeshapoa, ikifika kwa Jovina ni matope. Mwambie bibi yako hivyo hivyo."

Tangu siku hiyo ninamwona asubuhi nikienda shule. Anatia chai ndani ya kikombe, anakiweka juu ya ua, kinatoa mvuke. Nikirudi kiko palepale, mdudu kaelea, anamwaga. Kesho anatia tena. Niliuliza ni ya nani. Akasema, "Ya ua. Pita."

Kuhusu vyombo, hali si nzuri. Vile nilivyovirudisha vilirudi siku ya msiba vikiwa na chakula, na vimeleta wenzao. Kabati limejaa, vingine viko juu ya kitanda chako. Mama alitaka tuvirudishe na maandazi, lakini Mama Sekela alisema msiba wa mtu aliye hai hajui unalipwa kwa chakula gani, aulizwe mwenyewe. Kwa hiyo tunasubiri. Tumerudi kwenye sahani za plastiki.

Lile swali la pili sitaliuliza tena. Mtahiniwa akiliruka swali mara tatu, msimamizi mzuri hamsimamii juu ya kichwa. Nimetandika shuka safi chini ya vyombo, basi.

Mjukuu wako,
Kokushubila


Kamachumu
25 Novemba 2024

Mke mwenzangu Koku,

Marahaba. Nimemsomea Fredrick barua yako kwa sauti, na ng'ombe akasikiliza vizuri zaidi.

Kikombe usikidai tena. Kwangu kilikaa kabatini na kufuli, kikawa kikavu kama hotuba. Kwake kina chai. Babu yako angeulizwa, najua angechagua nini, shetani yule. Mwache nacho. Nimejaribu kuandika sentensi hii tangu Oktoba, na sasa nimeiandika, haikuniua. Kufa kwenyewe nimeshazoea.

Niliondoka kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kila kitu cha Leodegar isipokuwa Leodegar. Nikadhani huku nitapumzika. Nimepumzika mpaka nimechoka. Huku hakuna hata mtu wa kununiana naye. Fredrick ukimnunia anashukuru.

Nimeulizia. Msiba wa mtu aliye hai unalipwa na marehemu mwenyewe. Hakuna mwingine mwenye haki hiyo. Vyombo vya msiba wangu nitavirudisha mimi, mlango kwa mlango, na hakuna kitakachokwenda kitupu. Mama Sekela atayarishe kifua chake, anishike mimi safari hii. Kabati likiisha vyombo, mtaweka madaftari yako, na kuanzia siku hiyo tutakula kwenye sahani za udongo kama watu waliobatizwa.

Senene wameanguka tangu wiki iliyopita, mbingu nzima. Nimenyonyoa mpaka kucha zimekuwa kijani. Nina ndoo, imefungwa kwa kitambaa, nitaipakata mwenyewe kwa sababu makondakta wa siku hizi wanaonja.

Jibu la swali la pili: Jumamosi, tarehe 7 Desemba, Mbezi Luis, basi lile lile lililopoteza barua yangu. Baba yako aje kunipokea na mikono mitupu. Ndiyo kitu kitupu pekee ninachotaka kukiona.

Mwambie Hija asimwage ile chai ya Jumapili asubuhi. Na alitoe bakuli lake la maua ya kijani, aliweke juu ya ua. Nitalijaza mpaka juu. Akinirudishia tena safari hii, nakufa kweli, na sitamtumia taarifa.

Bibi yako,
Jovina